Figo zinazooteshwa maabara: barua zenu na majibu yangu

Katika toleo la mwezi uliopita nilitaja, kwa aya mbili tu, kwamba kuna maabara zinazootesha tishu ya figo ya binadamu kwenye sahani, na kwamba nilipokuwa nasoma Ulaya hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu ya kila siku. Barua zilizokuja zimezidi nafasi niliyopewa, kwa hiyo nimechagua chache. Majina nimeyaacha kwa makusudi, maana wengi mmeandika mambo ya ndani ya familia zenu.

"Dada, mume wangu anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na huu ni mwaka wa pili. Kuna mtu ametuambia kwamba nje ya nchi wanaotesha figo kutokana na damu ya mgonjwa mwenyewe, na tukitanguliza fedha ataandikishwa kwenye orodha. Tuna kiwanja. Tukiuze?" – Mama wa watoto watatu, Morogoro

Msikiuze. Hakuna mgonjwa hata mmoja, si India, si China, si Marekani, aliyewahi kupandikizwa figo iliyooteshwa maabara. Orodha hiyo haipo. Mtu huyo akirudi, mwulizeni jina la hospitali na jina la daktari, muyaandike, kisha mmpelekee daktari anayemtibu mume wako ayaone. Nina hakika hatarudi mara ya pili.

Kinachooteshwa kinaitwa oganoidi, na nitakueleza jinsi kinavyotengenezwa ili mtu mwingine asije akakubabaisha. Tunaanza na seli shina, yaani seli ambazo bado hazijaamua zitakuwa kiungo gani. Zinakaa kwenye inkubeta yenye joto la mwili, nyuzi 37. Siku za mwanzo zinapewa kemikali inayoziamsha kuelekea upande wa figo, kisha kichocheo cha ukuaji kiitwacho FGF9. Siku ya saba tunazibandua kwenye sahani, tunazihesabu, tunazungusha laki kadhaa kwenye mashine mpaka zishikamane chini ya kirija. Kile kidonge cheupe tunakivuta kwa pipeti na kukilaza juu ya utando mwembamba wenye vitundu: chini yake maji ya lishe, juu yake hewa. Mkono ukitetemeka kinasambaratika, na wiki nzima imepotea. Baada ya hapo kazi ni kubadilisha maji ya lishe na kusubiri.

Wiki mbili na nusu baadaye kimetanuka na kuwa na ukubwa wa punje ya choroko. Ukikitazama kwa darubini unaona mirija iliyojikunja, na kwenye ncha zake mafundo madogo ya duara. Hayo ndiyo machujio. Hakuna aliyeziambia seli zile wewe kaa hapa, wewe nenda pale. Zimejipanga zenyewe. Kila nilipoona mafundo yale yakijitokeza nilikuwa nawaita wenzangu waje kutazama, hata wale waliokwisha kuyaona miaka yote.

Ila sasa kina upungufu mkubwa. Figo moja ya mtu mzima ina nefroni, yaani vichujio pamoja na mirija yake, karibu milioni moja. Oganoidi moja ina makumi kadhaa, ikijitahidi sana mia hivi. Haina mishipa ya damu iliyounganishwa na moyo wowote, na haina njia ya kutolea mkojo. Mwaka 2018 watafiti wa Leiden, Uholanzi, walizipandikiza kwenye figo za panya. Mishipa ya damu ya panya ikaingia ndani yake na tishu ikakomaa zaidi kuliko ilivyokuwa kwenye sahani. Hayo ni maendeleo ya kweli, lakini kutoka hapo hadi figo ya kumwekea mumeo bado ni mbali.

Njia iliyopo leo ni figo ya ndugu. Muhimbili ilianza kupandikiza figo mwaka 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2018. Mwulizeni daktari wake kama anafaa. Kama anafaa, kaeni kikao cha familia mkiwa na maelezo kamili ya vipimo vya mtoaji na ya dawa ambazo mume wako atameza maisha yote ili mwili usiikatae figo. Kiwanja chenu kama kitauzwa, kiuzwe kwa jambo hilo.

"Assalaam aleikum. Nimesoma kuwa tishu hizi zinafanana na figo ya kijusi. Je, zinatoka kwa mimba zilizotolewa? Tunataka kujua kabla ya kusifia." – Mwalimu wa madrasa, Mombasa

Waaleikum salaam, Ustadh. Umeuliza swali ambalo wanasayansi wenyewe wanapaswa kulijibu bila kuulizwa.

Nyingi hazitoki huko. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka, huko Kyoto, Japani, alionyesha kwamba seli ya ngozi ya panya iliyokwisha kukomaa inaweza kurudishwa kwenye hali ya useli shina kwa kuwasha jeni nne tu. Mwaka uliofuata akafanya hivyo kwa seli za binadamu, na mwaka 2012 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na John Gurdon wa Uingereza. Tangu hapo, kipande kidogo cha ngozi au kichupa kidogo cha damu ya mtu mzima mwenye ridhaa kinatosha kuanzia kazi. Seli nilizozishika mimi zilikuwa za namna hiyo.

Lakini nisikufiche. Zipo maabara zinazotumia pia seli shina zilizotolewa kwenye viinitete vilivyobaki baada ya wazazi kutibiwa ugumba kwa njia ya kutungisha mimba nje ya mwili. Na ili kujua kama oganoidi inafanana na figo ya kweli inayokua, watafiti wameilinganisha na tishu ya mimba zilizotoka au kutolewa, kwa ridhaa ya mama na kibali cha kamati za maadili. Mambo hayo mawili yana uzito tofauti na ngozi ya mtu mzima. Hukumu yake wataitoa wanazuoni wako. Nilichotaka ni wapate picha nzima.

"Baba alifariki kwa figo akiwa na miaka 52, baba mdogo naye yuko kwenye mashine. Mimi nina 34. Utrasaundi imeonyesha vivimbe vya maji kwenye figo zote mbili. Daktari amesema ni ya kurithi. Dada yangu hataki kupima. Je, hizi figo za maabara zina lolote kwa watu kama sisi?" – Msomaji, Arusha

Pole sana kaka. Kwenu hasa ndiko tishu hizi zilikofanya kazi kubwa kuliko mahali pengine popote, kwa hiyo nitakaa kidogo kwenye barua yako.

Ugonjwa wa vivimbe vya maji kwenye figo, ule wa watu wazima, kwa kawaida unatokana na hitilafu kwenye jeni moja kati ya mbili, PKD1 au PKD2. Ya kwanza ilitambuliwa miaka ya 1990. Kwa hiyo kwa muda mrefu tulijua jeni, tulijua mwisho wake ni mashine, lakini katikati palikuwa na giza: kivimbe cha kwanza kinaanzaje? Figo ya mgonjwa inapofika mikononi mwa mtafiti imeshaharibika. Huwezi kumrudisha mgonjwa nyuma miaka thelathini.

Benjamin Freedman na wenzake, ambaye sasa maabara yake iko Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, alichukua seli shina zenye afya na kutumia mkasi wa jeni uitwao CRISPR kuharibu PKD1 au PKD2. Upande mmoja seli zilizoharibiwa, upande wa pili ndugu zake zilezile ambazo hazikuguswa. Zote zikaoteshwa kuwa tishu ya figo. Taarifa yao ya mwaka 2015 ilionyesha vivimbe vikitokea kwenye mirija ya zile zilizoharibiwa. Tofauti ilikuwa jeni moja tu. Hapakuwa na chumvi, sukari, pombe wala kurogwa. Nasema hivyo kwa sababu najua yanayosemwa kwenye misiba ya familia zenye ugonjwa huu.

Jambo la pili lilitoka mwaka 2017, na ndilo linalonigusa zaidi. Vivimbe vile mwanzoni vilikuwa vichache. Walipozibandua tishu hizo kutoka chini ya sahani na kuziacha zielee kwenye maji ya lishe, vikaongezeka mara kumi, na vingine vikatanuka mpaka upana wa sentimita moja. Yaani kile ambacho tishu imeshikilia, mazingira yake ya pembeni, kina sauti katika ugonjwa pamoja na jeni. Huwezi kugundua hilo kwenye karatasi ya majibu ya utrasaundi. Unaligundua kwa kuwa na tishu mkononi na kujaribu kuilaza hivi na kuielekeza vile.

Kisha mwaka 2022 kundi hilohilo lilipitisha maji ya lishe pembeni ya tishu hizo kwa mwendo, kama mkojo na damu vinavyotembea mwilini, likaona vivimbe vikivimba kwa kunyonya sukari kutoka kwenye maji yale. Walipozuia mlango wa sukari kwenye seli, uvimbe ukapungua. Tafadhali usiache kula kwa sababu ya sentensi hii. Hayo ni ya sahani. Lakini yanampa mtengeneza dawa mahali pa kuelekeza mkono.

Kuna mfano mwingine kutoka Melbourne, kwenye taasisi ya Murdoch, alikokuwa Melissa Little, mmoja wa mabingwa wa kazi hii. Mgonjwa mmoja alikuwa na ugonjwa mwingine wa figo wa kurithi, uliotokana na jeni IFT140. Walichukua seli zake, wakaotesha tishu. Kila seli ya mrija wa figo ina unywele mmoja mdogo sana unaohisi mtiririko. Za mgonjwa huyu zilikuwa zimevimba kwenye ncha. Wakarekebisha kosa la jeni kwenye seli zilezile, wakaotesha upya. Nywele zikatoka za kawaida. Hiyo ilikuwa 2018. Mgonjwa hakupona kwa hilo, lakini jeni iliyokuwa inashukiwa ilithibitishwa bila shaka.

Sasa wewe na dada yako. Kila mtoto wa mzazi mwenye ugonjwa huu ana nafasi nusu kwa nusu ya kurithi, na anaweza kuishi miaka mingi bila dalili. Mojawapo ya mambo yanayoziua figo hizi haraka ni shinikizo la damu lisilotibiwa. Pima shinikizo mara kwa mara, meza dawa hata ukijisikia mzima, epuka kumeza dawa za maumivu kama diklofenaki bila ushauri, na uhudhurie kliniki. Ipo dawa iitwayo tolvaptani inayopunguza mwendo wa ugonjwa kwa baadhi ya wagonjwa. Mwulize daktari bingwa kama inakufaa na kama inapatikana. Dada yako usimlazimishe utrasaundi. Anza na kumpima shinikizo la damu, hata pale nyumbani. Akikuta liko juu, mwenyewe ataomba kipimo kinachofuata.

"Nina duka la dawa. Kila siku nasikia dawa fulani inaua figo. Tishu hizi zinaweza kutuambia ipi ni ipi?" – Njombe

Zimeshaanza. Gentamaisini, sindano mnayoijua vizuri, na sisplatini ya saratani, zilijaribiwa mapema kabisa kwenye oganoidi, kwa sababu tayari tulijua madhara yake kwa watu. Mirija ikajeruhiwa palepale inapojeruhiwa kwa mgonjwa, na seli zikatoa protini iitwayo KIM-1, ambayo figo huitoa ikiumia. Maana yake ni kwamba chombo kinasema kweli, na dawa mpya inaweza kupitishwa hapo kabla ya kufika kwa mtu. Kwa dukani kwako hakuna kilichobadilika: usitoe gentamaisini bila cheti.

"Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha sita, mchepuo wa PCB. Kama kuna panya wa maabara, kwa nini mhangaike kuotesha tishu ya binadamu? Na figo hasa huanza lini tumboni?" – Bukoba

Marahaba mwanangu. Naanza na la pili.

Figo utakayobaki nayo huanza kujengeka karibu na wiki ya tano ya kiinitete. Kuna chipukizi linalotoka kwenye mrija mmoja na kuingia ndani ya rundo la seli laini. Chipukizi linaziambia zile seli ziwe nefroni, na zile seli zinaliambia chipukizi litoe matawi. Mazungumzo hayo yanaendelea mpaka wiki ya 36 hivi, kisha yanakoma kabisa. Baada ya kuzaliwa, hutapata nefroni mpya hata moja. Ndiyo maana mtoto njiti anastahili kufuatiliwa figo na shinikizo la damu mpaka ukubwani: alizaliwa ujenzi ukiendelea.

Panya anaanza na anamaliza tofauti. Yeye huzaliwa ujenzi haujaisha, akaendelea kutengeneza nefroni siku kadhaa baada ya kuzaliwa, na jumla yake ni elfu kumi na kitu tu kwa kila figo. Baadhi ya jeni zinawaka mahali tofauti au wakati tofauti. Amekufundisha mengi huyo panya, sitamdharau, lakini figo yake si yako iliyopunguzwa ukubwa.

Oganoidi ni tishu ya binadamu, na ukilinganisha jeni zinazowaka ndani yake, inafanana na figo ya mimba ya miezi mitatu ya kwanza. Hapo hakuna daktari anayeweza kuchungulia kwa mama mjamzito. Ryuichi Nishinakamura wa Kumamoto, Japani, alifanikiwa kuotesha tishu ya namna hii mwaka 2014 baada ya kufuatilia kwa uvumilivu seli za kiinitete zinapita njia gani hasa. Mwaka uliofuata kundi la Little, pamoja na Minoru Takasato, wakatoa ile yenye aina nyingi za seli za figo kwa pamoja.

Udhaifu wake nao uujue, kwa sababu mitihani haitakuuliza lakini kazi itakuuliza. Tishu inabaki changa, haikomai kufikia ya mtu mzima. Na kuna wageni ndani yake: Benjamin Humphreys na wenzake wa St. Louis, Marekani, walipoisoma seli moja moja mwaka 2018 walikuta kati ya asilimia 10 na 20 si seli za figo kabisa. Zilikuwemo za neva na za misuli. Uzuri ni kwamba kwa kusoma hivyo waliona ishara inayoziotesha zile za neva, wakaizuia, zikapungua kwa asilimia 90. Kama una nia na kazi hii, shika baiolojia, lakini hesabu usiiachie njiani. Siku hizi anayesoma seli elfu kumi kwa mkupuo anazisoma kwa kompyuta.

"Mimi ni muuguzi kliniki ya CTC. Baadhi ya wateja wetu wenye VVU figo zao zinaharibika haraka sana, wengine hapana. Daktari mgeni alisema watu weusi tuna jeni mbaya ya figo. Liliniuma. Ni kweli?" – Tabora

Lingeniuma na mimi, dada, kwa jinsi lilivyosemwa. Jeni yenyewe inaitwa APOL1, na wewe uliyeko Tabora, nchi ya mbung'o, una haki ya kuijua kuliko huyo mgeni.

Kila binadamu anayo APOL1. Protini yake huogelea kwenye damu na kuwatoboa vimelea vya malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Aina mbili za vimelea zimejifunza kuikwepa, mojawapo ikiwa ile ya Afrika Mashariki, rhodesiense. Zamani sana, huku Afrika, yakatokea mabadiliko mawili ya jeni hii, G1 na G2, yaliyosaidia mwili kupambana na vimelea hao sugu. Waliokuwa nayo waliishi, wakazaa. Yamejaa Afrika Magharibi, yanapungua kuelekea mashariki, Ethiopia karibu hayapo. Kwa hiyo si jeni ya "watu weusi", na haikuja kwa ubaya. Tatizo linakuja mtu akirithi nakala mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Hatari ya figo inapanda, na VVU visivyotibiwa vinaipandisha zaidi sana. Uhusiano wa jeni hii na ugonjwa wa figo ulifahamika mwaka 2010. Hata hivyo wengi wenye nakala mbili hawaugui kamwe.

Sasa sikiliza kwa nini nimeiweka barua yako hapa. Panya hana APOL1. Hana kabisa. Jeni hii iko kwa binadamu, gorila na jamii chache za nyani. Kwa hiyo ugonjwa unaowasumbua zaidi watu wenye asili ya Afrika ulikosa hata mnyama wa kawaida wa kuusomea, isipokuwa kwa kumpachika jeni ya mtu. Tishu ya figo iliyooteshwa kutokana na seli za binadamu inayo. Watafiti wa Marekani waliiwekea G1 nakala mbili kwa CRISPR, kisha wakaimwagia interferoni, ile ishara ambayo mwili hutoa ukipambana na virusi. APOL1 ikawaka kwa nguvu ndani ya seli za kichujio. Hapo ndipo unapoanza kuelewa mteja wako: jeni ipo, maambukizi yanaiamsha, kichujio kinaumia. Na dawa za kuizuia protini hiyo zimekwisha kuanza kujaribiwa kwa wagonjwa. Moja, inaxaplin, mwaka 2023 ilipunguza protini kwenye mkojo kwa karibu nusu katika jaribio dogo. Majaribio makubwa yanaendelea.

Mimi ninachokitaka kwa moyo wote ni seli za watu wetu ziwemo kwenye sahani hizo. Mtu wa Tabora ana mchanganyiko wake wa jeni, na dawa zake za VVU. Tenofovia, mojawapo ya dawa hizo, nayo huweza kuchosha mirija ya figo. Mambo hayo hayawezi kusomwa yote kwa seli za mtu wa Melbourne.

Kwa kliniki yako: dawa za VVU zianzwe mapema na zisikatizwe, maana ndizo kinga kubwa ya figo. Mkojo upimwe protini kwa kijiti hata kama mteja halalamiki, na kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, ifuatiliwe kwa wanaotumia tenofovia. Na siku watafiti watakapokuja kuomba damu ya wateja wako, simama upande wa wateja. Uliza kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kiko wapi, seli zitahifadhiwa nchi gani, kwa miaka mingapi, kama mtoaji anaweza kubadili nia, na nani atawaletea majibu kwa Kiswahili. Wakijibu yote hayo, waeleze wateja wako vizuri na mwache kila mmoja aamue.

Wiki ijayo napeleka mhariri majibu ya barua za sukari na figo. Walioandika kutoka Bujumbura na Muscat, zenu nimezipata, zimo kwenye hilo fungu.